Somo: Kutunza Vitambaa vya Viraka Nyumbani, kwa Hali ya Hewa ya Tanga

Wapenzi wa viraka, adui mkubwa wa vitambaa vyetu hapa Tanga ni unyevu. Pamba hunyonya unyevu wa hewani, na masika yakiingia, Machi hadi Mei, kabati lililofungwa muda mrefu hufuga ukungu hata kama nyumba haivuji. Ndiyo maana tunaanzia kwenye beseni kabla ya kufika kabatini.

Hatua ya 1: Fua kwanza. Khanga na vitenge vipya huja na wanga wa kiwandani, na wanga ni chakula cha mende na vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vinavyotimka ukifungua sanduku. Tena pamba hunywea. Ukichanganya kipande kilichofuliwa na kisichofuliwa, mfarishi wako, yaani tandiko la viraka vilivyoungwa, utakunjamana siku ya kwanza kuingia majini. Sugua kila kitambaa kwa tambara jeupe lililoloa. Tambara likishika rangi, kitambaa hicho kinachuja: kifue peke yake mpaka maji yatoke meupe. Wengi tumezoea kutia chumvi, lakini usiitegemee. Anika kivulini, piga pasi bila wanga, kisha subiri kipoe kabisa ndipo ukihifadhi.

Hatua ya 2: Chambua. Weka mafungu matatu: vya kubaki vizima, vya kukata, na vipande. Poliesta itenge na pamba, kwa sababu pasi ya pamba huiyeyusha. Kama huna hakika, chomoa uzi mmoja uuchome juu ya sahani ya bati: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikaganda tone gumu.

Hatua ya 3: Kunja jina, yaani yale maandishi ya khanga, lionekane. Hapa ndipo napenda watu watulie. Laza khanga kifudifudi, pindo la chini likielekea kwako. Kunja ubavu wa kulia na wa kushoto zikutane katikati, kisha teremsha sehemu ya juu, kunjo baada ya kunjo, mpaka ufike nyuma ya jina. Ukiigeuza, jina limekutazama. Zipange zikiwa zimesimama, si kwa kulundika, nawe utasoma majina yote bila kuchomoa hata moja. Vitenge vipange kwa rangi. Asiyeona alicho nacho hununua tena kilekile.

Hatua ya 4: Mahali. Kabati lisigusane na ukuta wa nje wala vitambaa visikae sakafuni. Mbao na maboksi ya karatasi hutoa asidi inayoacha madoa ya njano, basi tandika marekani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, iliyofuliwa. Mifuko ya plastiki hapana, inafungia unyevu ndani.

Hatua ya 5: Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa chache, toa kila kitu kipunge hewa. Ukirudisha, badilisha mikunjo, maana kitambaa hukatikia pale pale kinapokunjwa siku zote.

Maswali ya wanakikundi

Wa Ngamiani: Dada, vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinafaa?

Jibu: Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, mimi nasema hapana. Mvuke wake unaweza kuvunja chembe nyekundu za damu kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo ni wa kawaida maeneo yenye malaria kama kwetu. Weka karafuu au majani makavu ya mwarobaini kwenye kijifuko cha kitambaa. Yanasaidia kiasi tu. Kinga yenyewe ni kufua wanga utoke.

Wa Chumbageni: Vipande vidogo nitunze mpaka kipimo gani?

Jibu: Inchi mbili. Mshono unakula robo inchi kila upande, hivyo unabaki na inchi moja na nusu. Chini ya hapo, jazia mito.

Wa Pangani: Shikamoo dada. Nina doti za marehemu mama, zimeingia ukungu, na naogopa kuzikata.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na pole. Zipeleke uani, funga pua na mdomo, uzipanguse kwa brashi laini mbali na vitambaa vingine. Zianike juani kwa muda, kisha zifue kwa sabuni. Doa jeusi linaweza kubaki. Usitie dawa ya kung'arisha, itakula rangi. Kuhusu kukata, doti ni khanga mbili: moja iache nzima, nyingine ndiyo ukate. Sehemu ya jina itoe bila kuigawa, ikae katikati ya mfarishi. Ukiona kitambaa kimelegea kwa uzee, kishikize kwanza juu ya marekani, ndipo ukipitishe kwenye cherehani.