Somo: Kuipima nyumba ya kupangisha kwa hesabu kabla ya kuchukua mkopo

Wanachama wengi wanaoanza kuwekeza kwenye majengo huuliza kwanza habari za eneo na bei. Ni maswali mazuri, lakini linaloamua kama nyumba itamlisha mwenyewe au mwenyewe ndiye atakayeilisha nyumba ni jingine: je, kila 100 zilizowekwa kwenye nyumba hiyo huleta zaidi ya zile ambazo kila 100 za mkopo hudai kwa mwaka? Tarakimu za somo hili ni za mfano tu na hazikufungwa kwenye fedha ya nchi yoyote, hivyo kila msomaji aweke za kwake.

Hatua ya kwanza: pata pango linalolipwa kweli

Muuzaji na dalali hutaja pango wanalolitarajia. Wewe omba mikataba ya wapangaji waliomo pamoja na stakabadhi za malipo za miezi 12 iliyopita, kisha zungumza na wapangaji wa nyumba za jirani zinazofanana nayo. Tuchukue nyumba ya 1,000,000 inayoingiza pango la 12,000 kwa mwezi, yaani 144,000 kwa mwaka. Wengi husema hapo hapo kwamba nyumba inarudisha asilimia 14.4, wakafunga daftari wakati hesabu ndiyo kwanza inaanza.

Hatua ya pili: ondoa miezi mitupu na gharama

Mpangaji akihama, kuna kupaka rangi, kubadilisha vitasa na kumtafuta mwingine, na siku zote hizo hakuna kinachoingia. Toa mwezi mmoja, zibaki 132,000. Kisha ondoa matengenezo, kodi ya majengo, bima, usafi na ujira wa msimamizi. Hata kama utaisimamia mwenyewe, ujira huo uandike, kwa sababu ipo siku utashindwa na utalazimika kumlipa mtu. Gharama hizo zikiwa 36,000, kinachobaki ni 96,000, sawa na asilimia 9.6 ya bei.

Makadirio ya matengenezo yasitoke kichwani. Nenda na fundi, ikiwezekana baada ya mvua kubwa, mwangalie pembe za dari kama zina madoa ya kahawia, mfungue mabomba yote kwa pamoja muone nguvu ya maji, na mchunguze ukuta uliopakwa rangi mpya peke yake ilhali kuta nyingine zimeachwa na rangi ya zamani, kwani mara nyingi huko ndiko kulikofichwa unyevu au ufa.

Hatua ya tatu: ingiza mkopo

Tuseme unakopa 600,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, utakayolipa kila mwezi kwa miaka 15. Rejesho ni takriban 7,201 kwa mwezi, au 86,412 kwa mwaka. Ukitoa kiasi hicho kwenye 96,000, mkononi unabaki na 9,588 tu. Uliweka 400,000 zako, na tukikadiria gharama za mwanasheria, uthamini na uhamisho wa hati kuwa 60,000, basi fedha zako 460,000 zimekuletea kama asilimia 2.1 kwa mwaka. Aliyenunua nyumba hiyo hiyo bila mkopo amepata kama asilimia 9.

Sababu yake ni kwamba kila 100 ulizokopa zinakudai 14.40 kwa mwaka, na kila 100 zilizoingia kwenye bei ya nyumba zinaleta 9.60. Ni kweli kwamba sehemu ya rejesho hupunguza deni lenyewe, lakini katika rejesho la mwezi wa kwanza riba inachukua 6,000 na deni linapungua kwa 1,201 peke yake. Mkopo wa namna hii haukuzi mtaji wako. Unaukamua, na ni vyema mtu alijue hilo kabla ya kutia sahihi.

Hatua ya nne: itikise hesabu

Ongeza mwezi mmoja mwingine wa nyumba kukaa tupu. Kipato kinashuka hadi 84,000, na sasa unatoa 2,412 mfukoni ili kukamilisha marejesho. Ndiyo maana wakopeshaji wengi hutaka kipato cha nyumba kiwe angalau mara 1.2 au 1.25 ya marejesho, wakati mfano wetu una 1.11 tu. Ili kufikia 1.25 kwa masharti yale yale, mkopo usizidi takriban 533,000. Kama huna fedha za kujazia pengo hilo, shusha bei kwa mazungumzo au iache nyumba hiyo.

Hatua ya tano: hati

Fanya upekuzi kwenye ofisi ya usajili wa ardhi ujue mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio, na usilipe chochote kabla ya majibu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mbona hukuhesabu kupanda kwa thamani ya nyumba?

Jibu: Kwa sababu benki haipokei thamani iliyopanda kama rejesho la mwezi. Faida hiyo huonekana siku ya kuuza, baada ya kulipa dalali na kodi. Ikija, ni nyongeza. Lakini nyumba ambayo haijimudu bila hiyo inaweza kukulazimisha uiuze kabla thamani haijapanda.

Swali: Mkopo wangu una riba inayobadilika. Hesabu inabadilika vipi?

Jibu: Rudia hatua ya tatu kwa riba ya juu zaidi. Katika mfano wetu, ikiwa asilimia 15 tangu mwanzo, rejesho linafika takriban 8,398 kwa mwezi, karibu 100,770 kwa mwaka, na nyumba inaendeshwa kwa hasara hata ikiwa tupu kwa mwezi mmoja tu.

Swali: Ninaanza biashara na nina akiba kidogo. Ninunue fremu au nipange?

Jibu: Panga, ndugu yangu, mpaka biashara ithibitike, kwani akiba inahitajika zaidi kama mtaji wa kuzungushia. Jumlisha pango, mishahara na umeme. Zikiwa 9,000 kwa mwezi, na kila 100 za mauzo zikikuachia 25 baada ya kulipia bidhaa, unahitaji mauzo ya 36,000 ili usipate hasara wala faida. Kwenye mkataba, dai haki ya kuongeza muda, na iandikwe nani atamiliki matengenezo utakayoyafanya.

Swali: Amana ya mpangaji naweza kuitumia kulipia mkopo?

Jibu: Hapana. Hiyo ni fedha yake iliyo mikononi mwako, na haimo kwenye zile 144,000. Iweke kwenye akaunti tofauti, piga picha za kila chumba siku anapoingia, nanyi wawili mtie sahihi orodha ya hali ya vitu, ili siku ya kuhama makato yawe na ushahidi.