Kuwapeleka Watoto kwenye Uwanja wa Barafu: Mwongozo kwa Familia za Goma na Bukavu Zilizoko Ughaibuni

Majira ya baridi yanapoanza, miji mingi ya Kanada na Ulaya hufungua viwanja vya nje vya kuteleza kwenye barafu, na watoto wetu husikia habari zake shuleni kabla wazazi hawajaviona kwa macho. Mzazi asikatae kwa woga, wala asikubali bila maandalizi, kwa maana kinachoharibu siku si barafu yenyewe bali ni viatu visivyoshika mguu na baridi inayopenya hadi vidoleni.

Kwanza ujulikane uwanja ni wa aina gani. Ule wa katikati ya Brussels, unaoandamana na sherehe za Plaisirs d'Hiver kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Januari, huingiwa kwa tiketi. Mfereji wa Rideau mjini Ottawa, ambao hutoa njia ya kuteleza yenye urefu wa kilomita 7.8, ni wa bure lakini hutegemea hali ya hewa: bendera ya kijani huonyesha kwamba umefunguliwa, nyekundu kwamba umefungwa, na katika majira ya baridi ya 2022–2023 haukufunguliwa hata siku moja. Kwa hiyo taarifa za siku hiyo zisomwe kabla ya kuwavalisha watoto, kazi ambayo huchukua muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Ziwa au kijito kisichosimamiwa na mtu kisikanyagwe, hata kama majirani wanateleza juu yake. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kanada hushauri barafu iwe na unene wa sentimita 15 kwa mtu mmoja na 20 kwa kundi, na unene huo haupimwi kwa kutazama. Mtoto aliyekulia kando ya Kivu, ziwa lisiloganda kamwe, hana sababu ya kujua hatari hiyo asipoambiwa.

Viatu vya kuteleza, vyenye chuma chembamba chini ya soli, hukodishwa katika viwanja vingi. Vivaliwe na soksi moja nyembamba ya sufu, si soksi tatu kama wengi wetu tunavyodhani, kwa sababu soksi nyingi hubana damu na kuufanya mguu ucheze ndani ya kiatu. Vidole viguse mbele kidogo bila kujikunja, na kamba zikazwe zaidi kwenye kifundo cha mguu. Kifundo kikilala upande, badilisha kiatu hata kama foleni ni ndefu. Kofia ngumu ni ya lazima kwa maoni yangu, iwe sheria ya uwanja inaidai au la. Skafu ndefu ibaki nyumbani, maana ncha zake hunasa.

Juu ya barafu, mtoto wa Goma ana mfano anaoujua tayari: msukuma tshukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, huweka uzito kwenye mguu mmoja na kusukuma kwa mwingine, isipokuwa kwamba hapa mguu husukuma kuelekea pembeni, si nyuma. Magoti yakunjwe muda wote. Mfundishe kuanguka kabla ya kumfundisha kwenda: aanguke kwa ubavu, akunje ngumi ili chuma cha mwingine kisipite juu ya vidole vyake, kisha apige magoti na kuinuka. Afuate mzunguko wa wengine, na mashine ya kulainisha barafu ikiingia, wote watoke. Kwa mara ya kwanza dakika 30 zinatosha. Mtoto mdogo huchoka kabla hajakiri.

Baridi inayohisiwa kwa sababu ya upepo ikifika kati ya -28 na -39, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30, hivyo siku kama hiyo iahirishwe. Kidole au sikio likipoteza rangi na kufa ganzi, mwingize mtoto ndani, usilisugue, ulipashe kwa maji ya uvuguvugu, na ganzi isipoondoka atafutwe daktari.

Mababu na nyanya waliobaki Bukavu watadai video. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, hadi wakati wa kurekodi, kwa sababu betri huishiwa nguvu haraka kwenye baridi, na simu hiyohiyo ndiyo mtakayoihitaji kutafutia basi la kurudi.