"Umenenepa!" si salamu ya ofisini
Mwenzako akirudi likizo, ulimi huwahi: "Umenenepa!" au "Mbona umekonda hivyo?" Ziache zote mbili. Kukonda kunaweza kuwa kisukari au msiba. Kunenepa kunaweza kuletwa na dawa, kama vidonge vya steroidi. Ukimuuliza mbele ya watu, unamlazimisha ama adanganye ama aanike ugonjwa wake. "Karibu tena, za nyumbani?" inatosha. Na hongera ya ujauzito isubiri mwenyewe atangaze.

Ukitaka kusifia, sifia alichokichagua: kitenge, msuko, miwani. Mara moja tu, kisha rudini kazini. "Gauni limekupendeza" linapita. "Gauni limekuchora" tayari ni habari ya mwili, hata ukisema kwa kicheko. Bosi ajibane zaidi, maana aliye chini yake ni vigumu kumwambia koma.

Kenya, kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinahesabu hata maneno ya kingono yasiyotakiwa kuwa unyanyasaji, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera kuhusu unyanyasaji huo.

Neno la namna hiyo likikuponyoka, sema "Samahani, halikunihusu," basi. Ukianza kujieleza dakika tano, unamrudisha mwilini mwake tena.