SOMO: Namna ya kuchagua vitabu vya picha na nyimbo za watoto wadogo (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, salamu kutoka Nyakato, Mwanza.

Kila shule zikifungwa simu yangu haipumui. "Mwalimu, nimnunulie kitabu gani? Nimwekee nyimbo zipi?" Nafundisha darasa la awali, na jibu lake halienei kwenye ujumbe wa simu. Basi naliandika mara moja hapa. Atakayeuliza kilichokwishaandikwa nitamrudisha juu, asinune. Somo linahusu watoto tangu wanazaliwa mpaka wanapoingia darasa la kwanza.

1. Anza na umri wa mtoto, bei baadaye.

2. Kagua kitabu kilivyoshonwa. Aliye chini ya mwaka atakitia mdomoni kwanza, kwa hiyo mtafutie cha karatasi ngumu kama boksi, pembe zimeviringwa. Vijitabu vyetu vingi vimebanwa kwa pini katikati. Wa miaka 4 hazimsumbui, wa miezi 9 atazing'oa na kuzimeza.

3. Tazama picha. Kichanga huona vizuri kilicho sentimita 20 hadi 30 kutoka usoni, yaani alipo mama anaponyonyesha, na hupenda nyeusi na nyeupe zinazoachana wazi. Rangi za maua maua anazifaidi baadaye. Akifika mwaka na nusu mpe picha zinazofanana na kitu chenyewe, kuku awe kuku na samaki awe samaki, kwa sababu katika umri huo bado anahangaika kuunganisha kilicho kwenye karatasi na kilicho uani. Katuni ya samaki aliyevaa suruali inaweza kungoja.

Tena hesabu picha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, waliona kwamba watoto wa miaka 3 hushika maneno mapya vizuri zaidi kitabu kikifunguka na picha moja tu, kuliko kikiwa na mbili zinazotazamana. Ukiwa tayari unacho cha picha mbili usikitupe. Pitisha mkono juu ya ukurasa unaotaka kuusoma, ndipo usome.

4. Soma kwa sauti hapo hapo dukani. Hii ndiyo hatua inayokula pesa za watu, kwa hiyo tulia nami. Kabatini kwetu shuleni kuna rundo la vitabu vyenye majalada ya kung'aa ambavyo watoto wanavipita kama havipo, na vyote vilichaguliwa kwa jalada. Fungua katikati, soma kurasa tatu kwa sauti yako ya nyumbani. Muuzaji atakukodolea macho, mwache.

Sikiliza ulimi wako. Ukijikwaa wewe mtu mzima, mtoto ameshaondoka. Kuna vitabu vina "ambaye" juu ya "ambaye" mpaka ukifika nukta umesahau nani alifanya nini. Wa miaka 2 au 3 sentensi moja mbili kwa ukurasa zinamtosha. Wa miaka 5 anabeba aya.

Kisha linganisha maneno na picha. Maneno yakisema "paka amelala" na picha ikaonyesha paka amelala, basi, kazi imeisha, mtoto hana la kufanya. Maneno yakisema "paka amelala" na chini ya kitanda umechungulia mkia wa panya, mtoto atakuita uuone. Hicho ndicho kitabu.

Halafu ruka mwisho, soma ukurasa wa mwisho. Waandishi wetu wengi wakichoka humalizia kwa mahubiri: "Basi watoto, tuwatii wazazi." Mtoto hadithi ameipenda, unamchapia risala. Mimi kitabu cha namna hiyo nikikinunua kwa ajili ya picha, ukurasa wa mwisho nausimulia kivyangu.

TAHADHARI: Usinunue seti iliyofungwa kwa nailoni ukakatazwa kuifungua. Usichanganye kitabu cha herufi na kitabu cha hadithi, hata kama cha herufi kina picha 100. Na vile vya vidirisha vya kufunua na picha za kuchomoza ni vizuri kwa mchezo, ila mtoto hushughulika na kidirisha, hadithi ikapita pembeni. Kisiwe kitabu chake pekee.

5. Rudia. Mtoto akikuletea kile kile kila usiku hajadumaa. Mwaka 2011, huko huko Sussex, walichukua watoto wa miaka 3. Wengine walirudiwa hadithi ile ile, wengine walisomewa hadithi tofauti zenye maneno mapya yale yale. Waliorudiwa ndio walioyashika. Ndiyo maana hatua ya 4 nimeikazia: kitabu usichokivumilia wewe hakitarudiwa.

6. Nyimbo. Wimbo wa mtoto usikilize mpaka mwisho kabla hajausikia yeye. Mwanzo unaweza kuwa wa kuku na vifaranga, beti ya tatu ikawa mambo ya baa.

Wimbo mzuri wa wadogo una kiitikio kifupi kinachorudi, ili asiyejua beti apate pa kuingilia. Angalia pia uzito wa maneno. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, sasa wimbo wa kigeni uliobandikwa maneno yetu unamlazimisha mtoto kuimba "mtoTO" na "samaKI". Ukiona unalitamka neno usivyolitamka sokoni, achana nao.

Kingine watu wazima hawakijui: tunaanzisha chini mno. Mtoto wa miaka 4 ana noti tano au sita hivi anazozifikia bila kujikamua, na ziko juu ya sauti yetu ya kuongea. Baba akianzisha kwa besi yake, mtoto anabaki kunguruma au kupiga kelele, halafu anaambiwa hajui kuimba. Anzia pale sauti inapokuwa unapomwita mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Ukishindwa, mwache mtoto aanzishe, umfuate.

7. Sabufa. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa watoto kuwa desibeli 75 kwa saa 40 za wiki, mkubwa 80. Huna kipimo, sawa. Ikiwa inakubidi upaze sauti ili mtoto aliye karibu yako akusikie, punguza. Na hakuna sabufa inayoishinda sauti ya mama, hata ya mama anayekosea tuni.

Vitabu vinapatikana wapi? Maktaba ya Mkoa ipo mjini hapa, na wengi wetu tunaipita tukienda stendi. Mtandaoni kuna African Storybook ya Afrika Kusini, ina hadithi za picha za bure kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika, unaruhusiwa kuchapa. Peleka steshenari, piga laminesheni, umemaliza.

Maswali karibuni.

MASWALI

Sangara_Mbichi: Mwalimu naomba orodha ya vitabu 10 vizuri kwa mtoto wa miaka 3.

Mama Kulwa na Doto: Hatua ya 4. Orodha sitoi, mtoto wako simjui.

Kijana wa Igoma: Shikamoo mama. Mwanangu ana miezi 10, hali bila simu. Katuni gani nzuri ya nyimbo nimpakulie?

Mama Kulwa na Doto: Marahaba. Hakuna. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini, na kuanzia miaka 2 isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni heri. Weka simu kifudifudi, wimbo usikike bila picha, umlishe huku ukiitikia. Siku mbili tatu za kwanza atakasirika. Mvumilie.

Ngosha_Buhongwa: Hili ni tangazo la biashara. Kesho utatuambia una duka.

Mama Kulwa na Doto: Nimewaelekeza maktaba na vitabu vya bure. Biashara gani hiyo, ngosha? Nimetaja duka gani? Soma tena.

Ngosha_Buhongwa: Sawa mayu, yaishe. Ila swali la kweli: mtoto wa mwaka na nusu anachana kurasa.

Mama Kulwa na Doto: Yaishe. Hatua ya 2, karatasi ngumu. Na mpe gazeti kuukuu lake la kuchana, ajue lipi la kuchanwa na lipi la kutazamwa. Wengi wanaelewa mapema kuliko tunavyodhani.

Mtu wa Visiwani: Mwalimu, mimi ni mvuvi wa dagaa, niko Ukerewe. Shule niliishia darasa la tano, kusoma kwangu ni kwa kudokoa neno moja moja. Binti yangu ana miaka 4, anapenda nimsomee lakini naona aibu, mama yake anasoma haraka. Je, niwaachie wao tu?

Mama Kulwa na Doto: Usiwaachie ndugu yangu. Hili ndilo swali zuri kuliko yote leo, nitalijibu kwa kirefu.

Kuna vitabu vya picha visivyo na neno hata moja, na vimetengenezwa makusudi. Hapo anayesoma haraka hana faida yoyote juu yako. Fungua, muulize "Huyu anafanya nini? Unadhani anaenda wapi?" Akijibu, ongeza kidogo juu ya alichosema. Akisema "mtumbwi", wewe sema "ehee, mtumbwi wa kasia, hauna mashine." Watoto wanaoulizwa namna hiyo huongea zaidi kuliko wanaosomewa tu kimya kimya mpaka mwisho. Na wewe maneno ya ziwa unayo ambayo mimi mwalimu sina: nyavu, upepo, karabai, dagaa wanavyofuata taa.

Vya maneno navyo usiviogope. Chukua kimoja kifupi, kisome peke yako mara kadhaa mpaka ulimi uzoee, ndipo umsomee. Kudokoa mbele yake si aibu, mtoto anayemwona baba akihangaika na neno mpaka akalipata anajifunza kuhangaika na neno. Najua giza likiingia unakuwa ziwani. Basi siku za mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa, ziwe zenu. Zile nyingine, mtumie wimbo kwa ujumbe wa sauti, auwekewe kabla ya kulala.

Mtu wa Visiwani: Asante sana mwalimu. Mbalamwezi hii naanza.

Sangara_Mbichi: Basi hata vitabu 3 tu mama.

Mama Kulwa na Doto: Nenda dukani kasome kwa sauti.

Bibi_wa_Kisesa: Mwanangu, mimi nawaimbia wajukuu Kisukuma, mkwe anasema nawachanganya, watachelewa Kiswahili. Ni kweli?

Mama Kulwa na Doto: Shikamoo bibi. Si kweli. Mtoto anayekulia lugha mbili anaweza kuchanganya maneno kidogo, ni hatua tu, na hachelewi kwa sababu hiyo. Waimbie. Kisukuma ni lugha ya toni, sauti ya neno hupanda na kushuka na tuni huandamana nayo, kwa hiyo wala usijisumbue kuzigeuza nyimbo hizo ziwe za Kiswahili, zitapinda. Na ninyi Kisesa mmekaa jirani na makumbusho ya Bujora! Wapeleke wakati wa Bulabo, ile sikukuu ya ngoma ya mwezi wa 6, waone Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma za Kisukuma, wakishindana. Wakae mbali kidogo na ngoma zenyewe, masikio madogo.

Bibi_wa_Kisesa: Marahaba. Na ngoma hizo niwaimbie usiku?

Mama Kulwa na Doto: Mchana bibi. Za usiku ziwe zile za kubembeleza, mwendo wa mtu anayembeba mtoto mgongoni anatembea polepole. Za Bugobogobo ni za kulimia, hawatalala mpaka alfajiri.

Dada wa Mkuyuni: Kwa mitumba kuna vitabu vizuri vya Kiingereza, picha safi, ila theluji kila ukurasa. Vinafaa?

Mama Kulwa na Doto: Vinafaa sana, na bei nafuu. Picha simulia kwa Kiswahili upendavyo. Theluji si dhambi, ilimradi kabatini kuwe pia na kitabu chenye mawe, mitumbwi na watu wanaofanana na yeye. Futa majalada kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kikamue kabisa, anika kivulini. Kinachonuka ukungu usilete ndani.

Dada wa Mkuyuni: Na mende? Kwangu wanatafuna gundi ya mgongo wa kitabu.

Fundi_Spika: Dada weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, kwangu tatizo limekwisha. Mwalimu, niongeze moja: kayamba la chupa ndogo ya maji, tia punje za mtama robo tu, ukijaza halilii.

Mama Kulwa na Doto: Ahsante fundi, nzuri hiyo. Kifuniko kipake gundi kali kisha uzungushie selotepu. Punje na maharage huishia puani, hilo kila mwalimu wa awali atakuambia. Chupa ikipasuka tupa.

Kijana wa Igoma: Gundi gani inashika plastiki? Yangu inabanduka.

Fundi_Spika: Kwaruza kwanza kwa msasa, pande zote mbili, ndipo upake. Iache usiku kucha.