Unataka kwenda Kitulo kuona maua? Fanya hivi

Watu wengi wa Mbeya hii hifadhi ya Kitulo, ndo inaitwa Bustani ya Mungu, wanaisikia tu, wengine wamezaliwa Makete kabisa, wilaya ilipo hifadhi yenyewe, na zile nyasi hawajawahi kuzikanyaga, inaniuma kwa kweli.

Kwanza muda. Nenda kati ya Desemba na Aprili ndo maua yanachanua, mvua haikwepeki so beba koti la mvua na buti. Juni mpaka Agosti ni baridi kali, asubuhi unakuta sakitu, yaani barafu nyembamba, kwenye majani.

Kutoka Mbeya mjini shuka Chimala, pale tafuta gari la kupanda Matamba. Ule mlima unaitwa Hamsini na Saba sababu ya kona zake 57, ikinyesha unateleza vibaya, kama una gari dogo liache chini upande na dereva wa hukohuko aliyezoea. Matamba ndo unamalizana na watu wa hifadhi, usisahau kitambulisho cha NIDA maana raia analipa bei ndogo.

Juu ni kama mita 2,600, pumzi inakata haraka kwahiyo usikimbilie, na jua linaunguza hata kama umejikunyata kwa baridi, vaa kofia. Simba na tembo hakuna ndo maana watu wanatembea kwa miguu vilima na vilima, nyasi tupu mpaka macho yanachoka.

Sasa hapa ndo penyewe. Usipite na gari ukapiga picha dirishani ukasema umeona Kitulo, shuka, chuchumaa, tenganisha nyasi kwa mkono taratibu. Okidi, ndo maua yenyewe ya hapa, nyingi ni fupi, zimejificha humo katikati, kaua kamoja kadogo kuliko kucha kana mdomo na madoadoa yake, na pembeni yake kengine rangi tofauti kabisa. Ziko aina zaidi ya 40 zinazoota ardhini. Ila tafadhali usichimbe hata moja! Vile viazi vyake vya chini vimechimbwa sana vikavushwa Zambia kupikwa chikanda, chakula cha kule kinachotengenezwa kwa viazi hivyo, na ukishang'oa kiazi mmea wote umekufa, hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya eneo liwe hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Anza kutembea asubuhi mapema, mchana ukungu unaweza kushuka ghafla usione hata njia so kaa karibu na muongozaji, na usiku lala Matamba, kushuka zile kona gizani hapana.