Shore na bata wa mdomo wa njano: jinsi ya kuwalinganisha hapa Nairobi

Kila nikitembea na wageni wa kutazama ndege, madaftari yao hujaa neno moja: njano. Ni kweli, shore ana njano chini ya mkia na bata huyu anayo mdomoni. Lakini rangi haikwambii ndege anaishije. Anza na miguu.

Hatua ya 1. Mtafute shore asubuhi, kabla jua halijawa kali. Yuko bustani ya miti ya Arboretum, yuko msitu wa Karura, yuko hata kwenye ua wa nyumba yako. Kichwa ni cheusi, mwili kahawia. Tazama anavyotua: vidole vitatu mbele, kimoja nyuma, vimekikamata kijiti sawasawa. Chora mguu huo kabla hujaandika lolote.

Hatua ya 2. Kwa bata, nenda Hyena Dam ndani ya Mbuga ya Nairobi. Baki garini, shika darubini, umsubiri apande ukingoni, maana akiwa majini miguu huioni. Vidole vitatu vya mbele vimeunganishwa na utando. Cha nyuma ni kidogo, kimeinuka, hakishiki kitu.

Hatua ya 3. Linganisha midomo. Wa shore ni mwembamba, wa kudonoa matunda na wadudu. Wa bata ni bapa, na ndani kando yake mna vimeno laini kama vya kitana: maji hutoka, chakula hubaki. Utamwona akiinamisha kichwa majini, mkia juu.

Hatua ya 4, ninayoipenda kuliko zote: watoto. Kiswahili kimeshatutenganishia. Wa shore ni kinda. Wa bata ni kifaranga. Yai la shore huatamiwa wiki mbili hivi, na kinda hutoka uchi, macho yamefumba, akingoja kulishwa kiotani. Yai la bata huchukua karibu wiki nne. Kifaranga hutoka na manyoya mororo, macho wazi, na muda si muda anamfuata mama majini. Wiki hizo mbili za ziada ndani ya yai ndizo zinazomtoa akiwa tayari. Ukiona kiota, tafadhali usikisogelee. Shore akisumbuliwa anaweza kukiacha.

Hatua ya 5. Sauti. Shore huimba kwa vipande vifupi, mapema sana. Bata jike hulia kwek-kwek kwa nguvu. Dume husikika kwa shida. Andika saa, mahali, na nani alianza kulia.