Mbawakawa gani katoboa gogo hili la mwembe?

Usianze kupasua. Pima matundu kwa rula kwanza. La duara, milimita 1 hadi 2, kuta nyeusi, ndani hamna unga: hao ni mbawakawa wadogo wanaootesha kuvu kwenye mti ambao haujakauka. Unga wao huusukuma nje. Ufagie, urudi kesho uone kama umemwagika mwingine. Tundu lenye umbo la yai, karibu sentimita 1, huwa la mbawakawa wenye papasi (vipapasio vya kichwani) ndefu.

Bandua ganda kwa ncha ya panga, kisha pasua kufuata nyuzi za mti. Ukikata kukingama utamkata funza vipande viwili. Funza aliyenyooka, miguu haionekani, ni wa papasi ndefu. Aliyejikunja kama C, miguu 6, ni jamii ya chonga (mbawakawa mwenye pembe), mla mbao zilizooza.